Vitovu vya Finikiri

Katika Buguma, mji mkuu wa ukoo wao, Ibisiki alikuwa na haki ya kaburi lakini hakuwa na haki ya chumba. Jambo hilo halikuandikwa popote, wala hakuna mzee ambaye angethubutu kulitamka, kwa kuwa sheria ya zamani ya Wakalabari inamkataza mtu kutaja asili ya mwenzake aliyeingizwa katika nyumba. Bibi wa bibi yake alinunuliwa huko juu, nchi kavu, akiwa msichana wa miaka tisa, siku ambazo nyumba kubwa za mitoni zilishindana kwa wingi wa wapiga makasia katika mitumbwi yao ya vita na kwa wingi wa mapipa ya mawese waliyoyapakia katika meli za Wazungu. Alinyolewa nywele, akapewa jina jipya, akaambiwa kuanzia leo wewe ni mtoto wa nyumba hii. Sheria ya kutotaja asili ni nzuri. Huenda ndiyo nzuri kuliko zote walizojitungia watu wa mahori. Hata hivyo, mali ya nyumba ilipogawanywa Buguma, warithi waliitwa mmoja mmoja kwa majina, na uzao wa yule msichana haukuitwa. Hakuna aliyeuliza sababu. Walipanda mtumbwi wao wakarudi Finikiri.

Finikiri ni kisiwa kidogo cha mchanga na magamba ya konokono wa matope, mwendo wa saa tano kwa kasia kusini ya Buguma. Mto Niger, baada ya kupita nchi nyingi kwa kiburi, hufika huku umechoka, ukajimwaga katika mahori yasiyo na idadi. Maji matamu hukutana na ya chumvi, na mikoko husimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wasilowe. Magharibi wako Wanembe, mashariki Waokrika na Waibani, kaskazini Waikwere wenye viazi vikuu. Kwa karne nyingi samaki na chumvi vilipanda, viazi na mawese vikashuka, na lugha tano zikapigiwa kelele katika soko moja bila mkalimani. Sasa upande wa pili wa hori unawaka mwali wa gesi ambao haujazimwa tangu Ibisiki aolewe. Kampuni ya mafuta iliyouwasha huwaleta wafanyakazi wake kwa helikopta. Mzazi mwenye uchungu hupelekwa hospitali kwa mtumbwi: saa tano maji yakiwa upande wake, saa nane yakiwa dhidi yake. Na bado wapo watu wenye elimu wanaoandika kwamba wakazi wa mahori hawapendi maendeleo.

Kwa sababu ya zile saa tano na zile saa nane, Ibisiki alikuwa mkunga, kama mama yake alivyokuwa. Alianza kushika taa akiwa na miaka kumi na minne, akashika mtoto wa kwanza kwa mikono yake akiwa na kumi na tisa. Alipotimiza miaka sitini na mitatu alikuwa amewapokea watoto zaidi ya mia mbili. Akina mama tisa walimfia, naye aliwajua wote tisa kwa sura, kwa siku, na kwa hali ya maji saa walipokata roho. Mumewe, mvuvi mpole aliyeimba vibaya, alikufa kwa homa katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, dawa zilipozuiwa zisipite. Alilea watoto wanne kwa konokono wa matope: maji yakikupwa aliingia mikokoni na wanawake wenzake, wameinama, wakiokota mpaka kikapu kijae au mgongo ugome. Juu ya hayo yote alikausha samaki kwa moshi, hata macho yake yakawa mekundu siku zote na watoto wadogo wakamwogopa bila sababu.

Alikuwa na jambo moja ambalo halikujulikana sana: hakusema. Mama yake alimwapisha kwamba mkunga anachokiona mkekani hakitoki nje ya mlango. Nani alizaa kabla ya miezi kutimia, nani alilia jina la mwanamume asiye mumewe, nani alizaa wapi wakati ilidaiwa amezaa kwingine. Yote hayo Ibisiki aliyabeba kimya kama mzigo wa kichwani, shingo imenyooka.

Mwaka wa pili baada ya wanajeshi kuwarudishia raia utawala, vigingi vyekundu viliota Finikiri. Vijana wenye kofia ngumu walivipigilia kutoka gati hadi mwisho wa kisiwa, na kimoja kikaingia katikati ya jiko la Ibisiki. Hori lingepanuliwa ili majahazi makubwa ya chuma yapite. Watu wenye mji, ilisemekana, njia ya majahazi ingewakwepa. Watu wenye kambi tu ya uvuvi wangepewa mwezi mmoja warudi kwao. Tume ya makazi ingekuja kuamua Finikiri ni kipi kati ya viwili hivyo.

"Kwao," alisema jirani yake, Data, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha ndege. "Mimi nikirudi kwetu nitalala wapi, Ibisiki? Kwa kaka yangu Buguma tuko kumi na saba, na mke wake hunihesabia vijiko."

"Wewe una vijiko vya kuhesabiwa," Ibisiki alimjibu. "Mimi Buguma wananingoja nikiwa nimelala chali."

Data alicheka, kisha akaacha ghafla, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Mpima wa tume alifika asubuhi moja ya kiangazi kwa mashua ya injini. Alikuwa Mwibibio wa makamo, Bwana Udofia, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na viatu ambavyo tope la gatini lilivikosea heshima mara moja. Wazee sita walimpokea ukumbini mwa kanisa, wamevaa kanzu zao ndefu za vifungo vya dhahabu, kofia vichwani na fimbo mikononi. Wanawake waliambiwa wapike. Hakuna aliyeona ajabu. Kwa vizazi na vizazi jambo la ardhi limeamuliwa na wale wanaotoka kwenda kuvua, na wale wanaobaki juu ya ardhi hiyo wakaitwa baadaye kuosha sahani.

Jiko la kanisa lilitenganishwa na ukumbi kwa ukuta wa mbao zilizoachana. Ibisiki na Data waliponda viazi vikuu kwa mawese, huku masikio yao yakiwa ukumbini.

"Karatasi yangu ina maswali machache, wazee wangu," Udofia alisema. "La kwanza. Mnatoka wapi?"

"Buguma," alijibu wa kwanza.

"Buguma," akasema wa pili, akataja na jina la nyumba yake.

Hivyo hivyo hadi kwa wa sita, Mzee Wenike, msemaji wa kisiwa, mtu wa karibu miaka sabini mwenye kifua kipana na sauti ya kengele. "Buguma, mwanangu. Mimi nilizaliwa ghorofani, katika nyumba ya baba yangu. Dirisha linaangalia gati la mfalme. Andika hivyo."

Udofia aliandika. Kalamu yake ilikwaruza.

"Makaburi yenu yako wapi?"

"Makaburi?" Wenike aliudhika. "Kwani sisi ni watu wa kutupwatupwa? Maiti wetu hupelekwa Buguma, kwa mtumbwi wenye mwamvuli, na ngoma mbele!"

"Kwa hiyo hapa kisiwani hakuna kaburi."

"Hata moja!" Wenike alisema kwa fahari, kama mtu anayesifiwa.

Kalamu ilikwaruza tena.

"Katika hesabu ya watu ya miaka kumi iliyopita," Udofia aliendelea, akifunua karatasi nyingine, "Finikiri iliandikwa haina mtu. Sifuri."

Wazee walitazamana. Ilikuwa kweli, na kila mmoja alijua ilivyokuwa kweli. Siku ya kuhesabiwa, kisiwa kizima kilipanda mitumbwi kikaenda Buguma, wagonjwa wamebebwa, watoto wamevalishwa, ili mji mkuu uonekane mkubwa kuliko miji ya majirani. Mbuzi ndio waliobaki.

"Tulikuwa tumekwenda nyumbani," Wenike alisema.

"Nyumbani," Udofia alirudia, akaandika na hilo.

Jikoni Data aliacha mchi. "Mwenzangu, sikia wanavyotuzika."

"Nasikia," Ibisiki alisema. "Na jeneza wamelileta wenyewe."

Bwana Udofia hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta, akawaambia wazee kwa masikitiko ya kweli kwamba, kwa majibu yao wenyewe, hana la kuandika ila kambi ya uvuvi. Mji, kwa mujibu wa tume, ni mahali ambapo watu wamezaliwa kwa vizazi vitatu bila kukatika, na pawepo wazee watatu waliotimiza miaka sitini ambao walizaliwa papo hapo, watie alama ya dole gumba. Yeye ameuliza, wao wamejibu. Angefunga karatasi baada ya chakula na kuondoka maji yakiwa bado yamejaa.

Wazee hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamenaswa na adabu yao. Tangu utotoni walifundishwa kwamba mtu kujiita wa Finikiri ni kujishusha, kwamba kambi ni mahali pa kazi na moshi, na kwamba muungwana hutokea Buguma hata kama hajawahi kulala huko majuma mawili mfululizo. Sasa heshima hiyo hiyo ilikuwa inawafukuza, na kila mmoja alimngoja mwenzake aivue kwanza.

Ibisiki alisukuma mlango. Alikuwa na bakuli la viazi mkononi, mawese hadi kwenye viwiko.

"Bwana mpima, umeuliza wanatoka wapi," alisema. "Hukuuliza wamezaliwa wapi."

"Ibisiki!" Wenike aligonga fimbo. "Chakula weka hapo, urudi."

"Nitakiweka, Mzee wangu, na sirudi. Nimepika humu miaka arobaini nikisikiliza kupitia nyufa. Leo nyufa hazinitoshi."

"Mwanamke hasemi mbele ya tume!"

"Tume yenyewe ilizaliwa na mwanamke. Bwana mpima, nikikosea nisahihishe."

Udofia alikohoa ili asicheke. "Hapana, Bibi. Hujakosea."

"Basi chukua kalamu yako twende nje. Makaburi hatuna, wamekwambia kweli. Maiti wetu wanaondoka. Lakini vitovu havijawahi kuondoka."

Data alitoka nyuma yake akijifuta mikono kwenye khanga, na wanawake wengine kumi na kitu, wote wa chini ya miaka sitini, waliokuwa wakisafisha samaki uani wakaungana nao. Wazee walifuata kwa sababu kubaki peke yao ukumbini kungekuwa aibu zaidi.

Finikiri ina minazi mingi kuliko visiwa vyote vya jirani, na wageni hudhani ni kwa ajili ya nazi. Desturi ilianzishwa na wakunga wenyewe. Kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka, hutiwa ndani ya chupa. Chupa huchimbiwa chini, shingo yake ikichungulia juu ya mchanga, na juu yake huwekwa nazi iliyochipua. Mnazi hukua umeikumbatia chupa kwa mizizi. Hiyo ndiyo rejista ya Finikiri. Haikuwahi kuwa na nyingine, kwa kuwa ofisi ya kuandikisha vizazi iko mbali na karani wake hufika kazini apendapo.

Ibisiki alianzia upande wa gati. "Huu ni wa Tekena, anafundisha shule sasa. Huu wa dada yake. Huu wa pacha wa kwanza, ule wa pili. Yule wa pili alikaa siku tisa tu, lakini mnazi wake tuliuacha. Chupa hizi ni za dawa ya kikohozi, mnaziona? Miaka hiyo kila nyumba ilikohoa."

Udofia alichuchumaa, akapangusa mchanga. Shingo ya chupa ilikuwapo.

"Za plastiki?" aliuliza.

"Za plastiki nazikataa. Mtoto si mafuta ya kupikia."

Walipanda kuelekea katikati ya kisiwa, na minazi ikarefuka. Chupa za dawa zikaisha, zikaanza za bia, nene na za rangi ya kahawia. Hapo Ibisiki alisimama akapiga shina moja kofi. "Huu ni wangu mimi. Miaka sitini na mitatu."

"Na huu wangu!" Data alidakia kutoka kwenye mnazi wa pili. "Sitini na minne, lakini msiutazame sana, umepinda kama mwenyewe."

Wanawake wakacheka. Udofia hakucheka, alikuwa amekaribia shina, vidole vyake vikipanda juu ya makovu ya makuti, kovu baada ya kovu, midomo ikihesabu kimya kimya. Mwibibio, mtu wa nchi ya michikichi, hana haja ya kufundishwa kusoma mti wa jamii hiyo. Alihesabu mpaka mkono ukakoma, akakadiria kwa jicho sehemu iliyobaki, akatikisa kichwa polepole.

"Bibi, sidhani umejiongezea hata mwaka," alisema. "Watu wa nyumbani kwetu wangekuamini. Ila tume itasema mti ungeweza kupandwa na yeyote. Nahitaji wazee watatu. Ninao wawili, wewe na huyu mama. Nani wa tatu?"

Nyuma ya minazi ya bia ilisimama minazi kumi na mmoja, mirefu kuliko yote, vilele vyake vikichakaa. Chini yake shingo za chupa zilikuwa nyeusi na fupi, na mahali mchanga ulipomomoka yalionekana mabega yake ya mraba: chupa za pombe kali zilizokuja katika meli za mawese, wakati babu zao walipokuwa wakiuza na wakati bibi wa bibi yake Ibisiki alipouzwa. Ibisiki aliitaja mmoja mmoja. Huu wa mvuvi fulani, marehemu. Huu wa bibi yake mzaa mama, marehemu. Huu wa mtu aliyehamia Okrika, marehemu. Vizazi vitatu vilikuwa pale, vimesimama wima, wala hakuna aliyevipinga. Wenyewe tu ndio waliokuwa wamelala Buguma.

Aliufikia mnazi wa saba na hakuutaja. Aliupita, akautaja wa nane, wa tisa. Udofia alinyanyua kalamu.

"Umeruka mmoja, Bibi."

"Nimeuona."

"Ni wa nani?"

"Mwenyewe akitaka atasema. Mimi ni mkunga."

"Yuko hai?"

Ibisiki hakujibu. Kisiwa chote kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na ulimi wenyewe ulikuwa umeapishwa. Angeweza kusema neno moja na kuokoa jiko lake, njia zake za mikokoni, mchanga ambao watoto wake wanne walijifunzia kutembea. Aliwaza: nikilisema, nitaokoa mahali na kuvunja kazi, ni mwanamke gani atanilalia mkekani kesho? Akakaza taya. Hakumtazama mtu yeyote, hasa hakumtazama mtu mmoja, akawa anatazama maji ya hori ambayo yalikuwa yameanza kutulia kabla ya kugeuka.

Data, ambaye hakujua lolote juu ya mnazi wa saba, alijaribu kuwasaidia wazee kwa njia yake. "Haya, mabwana wa ghorofani! Hata mmoja wenu hakuteleza akaanguka huku chini kwa bahati mbaya?"

Mmoja alirekebisha kofia yake, mwingine akaichunguza fimbo kana kwamba ni ya kuazima. Udofia alitazama saa.

"Maji yanageuka," alisema. "Samahani, wazee wangu."

"Ngoja," alisema Mzee Wenike.

Alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao wengi hawakuwahi kuuona. Alitembea kwenye mchanga kwa viatu vyake vya kung'aa mpaka mnazi wa saba, akauwekea mkono.

"Huu ni wangu."

Akawageukia wazee wenzake.

"Mama yangu alikuja kumtazama dada yake mgonjwa, akazidiwa na uchungu hapa. Baba alitaka mwana wa ndoa kubwa, ile ya mahari kamili inayompa baba watoto, azaliwe kwenye mkeka wa nyumba yake, ndugu zangu wa baba wasipate la kusema. Nikabebwa Buguma siku ya nane, nimefichwa kapuni chini ya samaki, nikatolewa dirishani nionekane. Hilo dirisha lipo, msidhani nimedanganya. Dirisha tu ndilo la kweli." Aligeuka kwa Udofia. "Miaka sabini mwezi ujao. Nilizaliwa Finikiri. Leta wino."

Data alipasuka kwa kicheko. "Chini ya samaki! Kumbe Mzee wetu wa gati la mfalme ni mtoto wa moshi kama sisi!"

"Mtoto wa moshi," Wenike alikubali, "na harufu haijaisha mpaka leo. Cheka, Data, cheka. Nimekupa ruhusa."

Mzee wa tatu kwenye ile safu alikohoa. "Basi, kama ndiyo hivyo... ule mnazi wa bia, wa nne kutoka kwa Ibisiki..."

"Tunaujua!" walisema wanawake kwa pamoja.

Kabla mpima hajafungua kidau cha wino, wazee wanne kati ya sita walikuwa wamezaliwa Finikiri, na wa tano alikuwa akinung'unika kwamba kwa kweli yeye alizaliwa njiani, lakini upande wa huku. Udofia alipiga mstari juu ya neno aliloliandika ukumbini, akaandika jingine juu yake, akagonga mhuri, akawaonyesha wote waone, hata wasiojua kusoma. Kisha alikwenda mwenyewe hadi jikoni kwa Ibisiki, akakishika kigingi chekundu kwa mikono miwili, akakitikisa kama jino, akaking'oa.

"Hivyo vingine watang'oa wao," alisema akihema. "Hiki kilikuwa kimeniudhi tangu asubuhi. Kigingi jikoni kwa mtu! Ripoti yangu itasema hivyo pia."

"Iseme kwa sauti," Ibisiki alimwambia. "Na iseme kwamba mji una akina mama wanaojifungua. Nimeomba zahanati mara kumi na moja, nikajibiwa kwamba kambi haipewi zahanati. Sasa watafute jibu lingine."

Udofia alikubali kwa kichwa, akala viazi bakuli zima akiwa amesimama, akaondoka na maji ya mwisho. Mashua ilipopinda kwenye kona ya mikoko, Ibisiki hakurudi kwenye masufuria. Aliketi chini palepale, kwenye shimo la kigingi. Alivuta pumzi ndefu. Moshi wa samaki ulimwingia puani, naye akaona ni harufu nzuri. Data alimletea bakuli, akala. Akamletea la pili, akala na hilo, wala hakuuliza wageni wamebakiziwa nini.

Alikuwa bado ameketi pale jua lilipoanza kulegea, wanawake wakiimba uani huku wakiparua masufuria, kivuli kilipoziba mlango. Alikuwa Mzee Wenike. Tangu ajulikane kisiwani hakuwahi kukanyaga jiko la mwanamke. Alitafuta kiti, hakukiona, akashusha mwili wake mkubwa juu ya gogo la kupasulia kuni, kofia magotini.

"Ulijua siku zote," alisema.

"Mama alinionyesha minazi yote kabla hajafa."

"Na hukusema. Hata leo."

"Hata leo."

Aliifinyanga kofia. "Unajua, Ibisiki, mama yangu aliniambia mara moja tu, nikiwa kijana, akanifumba mdomo kwa kiganja. Sikupata mtu wa kumuuliza. Watu wote wana hadithi ya siku waliyozaliwa, wanaikoleza chumvi. Mimi nimekuwa nikisimulia dirisha." Alicheka kidogo, na sauti yake ya kengele ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu wa kawaida aliyetua mzigo. "Ndugu zangu wa Buguma watasema watakalo. Nimeshangaa tu jinsi ninavyojisikia mwepesi. Sasa niambie. Ilikuwa mvua au jua?"

Ibisiki alimtazama yule mzee mnene aliyekaa kwenye gogo. Kiapo kilifunga mlango kwa watu wa nje. Kwa mwenye kitovu mlango ulikuwa wake. Alimsogezea bakuli la viazi vilivyobaki.

"Kula kwanza," alisema. "Ilikuwa jua, maji yamekupwa kabisa, hata mtumbwi wa mama yako haukuweza kufika gatini. Mama yangu alimfuata kwenye tope na mkeka kichwani. Alisema hajawahi kuona mwanamke anayetukana namna ile."

"Mama yangu? Alimtukana nani?"

"Wewe. Ulikuwa umekataa kutoka."

Mzee Wenike aliweka mkono kwenye bakuli, macho yake yakimng'ang'ania usoni, na Ibisiki akaendelea.